Mbwa jike ana uvimbe kwenye titi: kungoja, kutoa uvimbe, kutoa safu nzima, au kumtunza bila kisu?

Hapa Malindi uvimbe wa titi la mbwa hugunduliwa mara nyingi ukiwa tayari umefika ukubwa wa ndimu. Si kwamba watu hawajali. Mbwa wetu wengi ni walinzi: wanashinda kivulini, wanapewa chakula jioni, usiku wanazunguka ua, na ni nadra mtu kuwalaza chini akawapapasa tumbo. Uvimbe wenyewe huota chini kabisa, karibu na mapaja, mahali ambapo hata anayempenda mbwa wake hapatazami kila siku.

Ukishauona, maswali yanakuja pamoja. Tuache tuone? Tukate hiki kinundu tu? Tutoe upande mzima? Au mbwa ameshazeeka, tumwache amalizie siku zake kwa raha? Njia zote nne ni halali, na kila moja ina mbwa inayemfaa. Ninaloliamini mimi, na ambalo limeongoza ulinganisho huu, ni kwamba uvimbe mdogo una njia nyingi za kuchagua. Ukikua, njia zinafungwa moja baada ya nyingine, na mwisho inabaki ile usiyoitaka.

Kwanza uhakikishe ni uvimbe wa titi

Kwa kawaida mbwa jike ana matiti kumi, matano kila upande, kuanzia kifuani mpaka kinenani. Jozi mbili za nyuma ndizo zenye nyama nyingi, na ndiko vivimbe vingi huota. Mlaze ubavu akiwa ametulia, baada ya kula ni wakati mzuri. Anza na titi la kifuani: libane taratibu kati ya kidole gumba na vidole viwili, lisukume huku na huku, kisha shuka kwenye linalofuata. Titi salama ni laini na ngozi yake inateleza juu ya nyama. Unachotafuta ni chembe ngumu, iwe imejificha ndani au inaonekana kwa nje. Ukiipata, ipime kwa rula, andika tarehe, na uipige picha kwa simu ukiwa umeweka sarafu ya shilingi kumi kando yake ili mwezi ujao uwe na cha kulinganishia. Anayeepuka mate na unyevu wa mbwa kwa sababu ya twahara, yaani usafi wa ibada, avae glavu za mpira. Vidole vinahisi vizuri tu.

Si kila kinachovimba hapo ni uvimbe wa saratani. Mbwa anayenyonyesha anaweza kupata uambukizi wa titi: linakuwa jekundu, la moto, linauma, maziwa yanabadilika rangi na mbwa anakuwa na homa. Hilo hutibiwa kwa dawa za bakteria na huhitaji daktari upesi. Kuna pia mimba ya uongo, ambapo wiki kadhaa baada ya joto (kipindi cha kutaka dume) matiti yanajaa na hata kutoa maziwa ilhali hakuna mimba, na mara nyingi hutulia yenyewe. Ngiri ya kinena huleta kivimbe laini ambacho wakati mwingine hurudi ndani ukikibonyeza. Tena kuna majipu, mafuta yaliyojikusanya chini ya ngozi, na vinundu vya mabuu ya nzi, ambavyo huwa na tundu dogo katikati. Ndiyo maana sishauri mtu akamue, achome au atumbue chochote kabla ya mganga wa wanyama kukigusa.

Kuna hali moja ambayo lazima niizungumzie kwa kirefu kidogo kwa sababu huwapotosha wengi. Ni ile saratani ya titi inayokuja kama uambukizi. Matiti kadhaa yanavimba kwa pamoja na kwa haraka, ngozi inakuwa nene, ya moto, nyekundu au ya zambarau, mbwa hataki kuguswa, na pengine mguu wa nyuma wa upande huo unavimba pia. Mwenye mbwa anasema ni maziwa, anapewa dawa ya bakteria, siku zinapita hakuna nafuu. Ikiwa mbwa ni mtu mzima, hanyonyeshi, na dawa haijaleta badiliko lolote, mrudishe kwa daktari umwambie wazi kwamba unaogopa saratani ya aina hiyo. Katika hali hii kisu hakisaidii; ngozi yenyewe imeshaingiliwa, jeraha halifungi, na mbwa wengi huishi wiki au miezi michache tu. Kwa mbwa huyo ulinganisho unaofuata unabakiwa na njia moja, ya mwisho.

Vigezo vya kuangalia kabla ya kuchagua

Cha kwanza ni ukubwa na mwendo. Madaktari hutumia mipaka ya sentimita 3 na sentimita 5: uvimbe wa chini ya 3 una matumaini mazuri zaidi, wa juu ya 5 matumaini yanapungua. Usidanganywe na macho. Uvimbe uliotoka upana wa sentimita 1 hadi 2 umeongezeka mara nane kwa ujazo. Angalia pia kama unateleza chini ya vidole au umeshikamana na misuli, na kama ngozi imepasuka.

Cha pili ni kama umetoka ulipoanzia. Saratani ya titi hupitia kwenye mitoki, yaani tezi za kinga, zile za kinena na za kwapa, kisha mara nyingi huenda kwenye mapafu. Daktari atapapasa mitoki na kutaka eksirei ya kifua, picha tatu kutoka pande tofauti. Malindi si kila kliniki ina mashine, kwa hiyo huenda ukalazimika kusafiri hadi Mombasa, kama kilomita 120. Picha safi ni habari njema, ingawa vinundu vidogo sana vya mapafu havionekani.

Cha tatu ni damu ya mbwa, na hapa Pwani nakiweka juu kuliko ambavyo vitabu vya nchi za baridi hukiweka. Kupe wetu hueneza magonjwa ya damu ambayo mbwa anaweza kuishi nayo muda mrefu akionekana mzima. Mengine hupunguza chembe za kugandisha damu, mengine humfanya apungukiwe na damu. Ukimlaza mbwa wa namna hiyo kwenye meza ya upasuaji bila kumpima, anaweza kuvuja damu kupita kiasi. Angalia fizi zake: zikiwa nyeupe, au zina madoa mekundu, homa ya kupe itibiwe kwanza. Umri peke yake si ugonjwa. Mbwa wa miaka 11 mwenye moyo, figo na damu nzuri hustahimili nusukaputi kuliko wa miaka 6 aliyejaa kupe.

Vigezo viwili vya mwisho ni vya nyumbani: fedha pamoja na usafiri, na nani atakayemwangalia mbwa baada ya hapo. Nitavirudia kwenye kila njia.

Jambo moja zaidi kabla hatujaingia. Watu huuliza, si wachukue tu sindano wafyonze kidogo tujue ni saratani au la? Sindano inasaidia kutambua jipu, mafuta au uvimbe wa ngozi wa aina nyingine, lakini kwa vivimbe vya matiti mara nyingi haitoshi kutenganisha vya saratani na visivyo. Jibu la uhakika hutoka maabara baada ya nyama yenyewe kutolewa. Kwa jumla karibu nusu ya vivimbe hivi kwa mbwa huwa si saratani, na kati ya vilivyo saratani karibu nusu ndivyo husambaa. Kwa hiyo kukata tamaa siku ya kwanza ni kuwahi mno.

Njia ya kwanza: kungoja huku unapima

Kungoja kunakostahili kuitwa njia kuna rula na tarehe. Unapima kila wiki mbili hadi nne, unapapasa matiti yote kumi, siyo lile moja tu, na umeshakubaliana na daktari kiwango ambacho kikifikiwa hamngoji tena. Mimi ningeweka hivi: kikiongezeka kwa namna yoyote inayoonekana kwenye rula, kikikaribia sentimita 1, au kikitokea cha pili, mnapanga upasuaji.

Gharama yake sasa ni ndogo na mbwa hateseki. Hatari ni kwamba uvimbe usio wa saratani leo unaweza usibaki hivyo, kwani kuna ushahidi kwamba baadhi hubadilika kadiri vinavyokua. Na hatari kubwa zaidi ni kusahau. Mwezi wa Ramadhani unapita, wageni wa msimu wanakuja, mwenye nyumba amesafiri, na rula iko droo ileile.

Inamfaa mbwa mwenye chembe ndogo sana ya milimita chache, au aliyetoka kwenye joto au kunyonyesha karibuni na matiti bado yamejaa, au anayetibiwa homa ya kupe kwanza. Inamfaa pia mbwa mwenye ugonjwa mwingine mzito utakaomtangulia. Haimfai mbwa wa mlinzi anayebadilishwa kila mwezi, kwa sababu hakuna atakayekumbuka kipimo cha mwanzo.

Njia ya pili: kutoa uvimbe au titi lenye uvimbe

Hapa daktari anatoa kinundu na nyama salama inayokizunguka, au titi zima lililoathirika. Kikiwa kidogo na kinateleza, kazi ni fupi, jeraha ni dogo, na mbwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Wengi hufikiri kukata padogo ni kumpunja mbwa. Tafiti zilizolinganisha haya hazikuonyesha kwamba mbwa aliyetolewa safu nzima huishi muda mrefu kuliko aliyetolewa uvimbe peke yake, mradi kingo za kilichokatwa ziwe safi. Hiyo "mradi" ndiyo yenye uzito. Kama kingo zina saratani, lazima kurudi mezani, na utajua tu ukipeleka nyama maabara. Sehemu hii watu huikwepa kupunguza gharama, na kwangu ndiyo ya mwisho kukwepwa. Umbali si kisingizio kikubwa: nyama ikitumbukizwa kwenye fomalini (dawa ya kuihifadhi isioze) ya kutosha, karibu mara kumi ya ujazo wake, kwenye mkebe wenye kifuniko kinachoshika, inasafiri na vifurushi vya basi bila kuharibika. Nairobi wapo wanaozisoma, ikiwemo idara ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete.

Udhaifu wa njia hii ni matiti yanayobaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia mbwa 99 waliotolewa uvimbe upande mmoja bila kutolewa kizazi, na asilimia 58 kati yao walipata uvimbe mpya upande uleule. Kwa hiyo kupapasa kunaendelea maisha yote.

Nyumbani mzigo ni wa siku 10 hadi 14 mpaka nyuzi zitolewe. Mbwa asilambe, asilale mchangani, asipelekwe baharini. Fulana ya mtoto iliyofungwa mgongoni huficha jeraha vizuri na haimsumbui kama kola ya plastiki, ila ibadilishwe kila siku kwa sababu ya jasho na vumbi.

Inamfaa mbwa mwenye uvimbe mmoja wa chini ya sentimita 3, unaoteleza, mitoki ikiwa midogo, na mwenye nyumba aliye tayari kuendelea kumkagua. Nadhani ndiyo njia ambayo wengi wangeiweza kama wangeuona uvimbe mapema.

Njia ya tatu: kutoa safu nzima ya upande mmoja

Matiti yote matano ya upande mmoja yanatolewa pamoja na mtoki wa kinena. Kovu linaanzia karibu na kwapa mpaka pajani. Faida yake ni kwamba matiti ya upande huo hayapo tena ya kuota kitu kipya, na kama kulikuwa na vinundu vitatu au vinne, vyote vimeondoka kwa usingizi mmoja.

Gharama inapanda kwa sababu saa za mezani ni nyingi, dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo za mbwa, na dawa za maumivu ni za siku nyingi zaidi. Omba daktari akuandikie hesabu yote mbele: kipimo cha damu, usingizi, upasuaji, maabara, dawa na kutoa nyuzi. Bei inayotajwa kwa simu mara nyingi ni ya upasuaji tu.

Hatari kubwa ni za jeraha. Ngozi inavutwa, maji hujikusanya chini yake, pengine unawekwa mrija wa kuyatoa, na joto la Kaskazi pamoja na nzi hufanya siku kumi za kwanza ziwe ngumu. Kama hakuna ulazima wa haraka, ningechagua miezi ya Kusi ambapo kuna upepo na ubaridi, na ningetafuta chumba au stoo yenye sakafu ya saruji inayofagilika. Ikiwa pande zote mbili zina vivimbe, madaktari wengi hugawa kazi mara mbili, wiki kadhaa kati yake, ili ngozi ipate kulegea.

Inamfaa mbwa mwenye vinundu vingi kwenye safu moja, mwenye damu nzuri, asiye na dalili mapafuni, na nyumba yenye mtu wa kudumu. Haimfai mbwa anayelala nje getini bila mtu wa kumkalisha ndani.

Kwa njia ya pili na ya tatu utaulizwa kuhusu kutoa kizazi papo hapo. Kwa saratani iliyokwishaota ushahidi kwamba kunamwongezea mbwa maisha unatofautiana. Kwa vivimbe visivyo vya saratani kuna dalili kwamba kunapunguza vipya. Kinachonifanya nikubali mara nyingi ni kizazi chenyewe: mbwa mzee asiyetolewa kizazi anaweza kupata usaha wa mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua haraka, na kumlaza usingizi mara ya pili ni gharama na hatari mpya. Zile sindano za kuzuia joto, ambazo bado zinatumika kwa sababu ni rahisi, zina homoni inayoongeza uwezekano wa uvimbe wa matiti na wa usaha huohuo. Zisitumike kwa mbwa mwenye uvimbe hata mara moja.

Hakikisha anayekata ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwombe cheti cha mwaka huu, haoni tusi. Sheria ya mwaka 2011 inamtofautisha daktari na msaidizi wa tiba ya mifugo, na msaidizi mzuri atakuelekeza mwenyewe kwa daktari.

Njia ya nne: kumtunza bila upasuaji

Njia hii ina kazi ya kila siku, na kuifananisha na kumwacha mbwa ni kumkosea anayeifanya. Lengo ni maumivu yapungue, jeraha liwe safi, na mbwa ale, atembee, apokee watu wake mlangoni.

Kuna mlinzi mmoja upande wa Casuarina ambaye mbwa wa zamu yake alikuwa na uvimbe uliopasuka, na mapafu yalikuwa yameshaingiliwa. Kila alfajiri kabla ya kukabidhi zamu alichemsha maji, akayaacha yapoe, akatia chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa nusu lita, akamwosha kwa pamba kuanzia katikati kwenda nje. Alikausha, akafunika, akafunga fulana. Daktari alipokuja kumwona alimwambia, "Mzee, jeraha hili lina harufu ndogo kuliko mengi ninayoona kliniki." Hakuna dawa ya ajabu iliyotumika hapo.

Kinachoharibu njia hii ni dawa za mtaani. Oili chafu ya gari, maji ya betri na majivu ya moto vinaunguza nyama. Panado, ibuprofeni na diklofenaki za duka la dawa si za mbwa: zinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo au ini, na mbwa anaanza kutapika damu mwenye nyumba akidhani ni saratani. Dawa za maumivu za mbwa zipo, kama meloksikamu kwa kipimo cha daktari, na baadhi ya dawa za jamii hii hutumika pia kwa saratani zenyewe. Dawa kali za saratani kwa njia ya mshipa, kwa mbwa mwenye saratani ya matiti, ushahidi wake si imara na hazipatikani kirahisi hapa, kwa hiyo sikuzipa sehemu yake.

Gharama ni ndogo kila wiki lakini haikomi. Hatari ni nzi kutaga kwenye jeraha, na sisi kuchelewa kukubali kwamba mbwa ameteseka vya kutosha. Kabla hujaanza, kaeni pamoja nyumbani mtaje mambo matatu ambayo yakikoma daktari ataitwa ampumzishe kwa sindano: kwa mfano kula, kuinuka mwenyewe, na kulala usiku bila kuhema kwa nguvu.

Inamfaa mbwa ambaye saratani imefika mapafuni, mwenye ile saratani inayofanana na uambukizi, au mzee mwenye figo au moyo usioruhusu usingizi. Inaweza kumfaa pia mbwa wa nyumba ambayo fedha ya upasuaji haipo kabisa, na hilo lisemwe waziwazi kwa daktari mapema ili mpango uwe wa kweli.

Kwa hali yako

Kama uvimbe ni mdogo, ni mmoja, na unateleza, zungumza na daktari kuhusu kuutoa mapema badala ya kungoja msimu mwingine. Kama ni chembe ya milimita chache na mbwa ametoka joto mwezi uliopita, ngoja na rula.

Kama umepata vitatu au zaidi upande mmoja na mbwa bado anakimbia, pima damu, piga eksirei, kisha uulize gharama ya safu nzima. Fedha ikitosha nusu tu, afadhali kutoa vile vikubwa kwa usafi na kupeleka maabara kuliko kuanza kazi kubwa isiyo na dawa za maumivu.

Kama mbwa anakohoa, anakonda, au uvimbe umepasuka na kushikamana, anza na eksirei kabla ya kitu kingine. Mapafu yakiwa safi, uvimbe uliopasuka bado unaweza kutolewa kwa ajili ya usafi na raha yake, hata kama hautampa miaka mingi. Yakiwa yameingiliwa, nenda njia ya nne.

Kama matiti ni ya moto, mekundu na yamevimba ghafla, mpeleke leo. Kwa anayenyonyesha inaweza kuwa uambukizi unaotibika. Watoto wake waangaliwe kama wananyonya na kushiba.

Na kama ana watoto wa kike, au umepokea mtoto wa mbwa jike, uliza ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo au kliniki iliyo karibu kuhusu kumtoa kizazi akiwa bado mdogo. Takwimu za zamani za Marekani, za mwaka 1969, zilionyesha hatari ya uvimbe huu ikishuka hadi asilimia 0.5 ya ile ya mbwa asiyetolewa kizazi pale anapotolewa kabla ya joto la kwanza, asilimia 8 baada ya la kwanza, na 26 baada ya la pili. Wataalamu wa baadaye wamezihoji namba hizo, lakini madaktari wengi bado hushauri kazi hiyo ifanywe mapema.